Kuasili Mtoto Uganda: Lango la Wageni Limebanwa, la Wenyeji Halijulikani

Kwa muda mrefu, kuasili mtoto kukitajwa nchini Uganda, wengi huwajia picha ya wanandoa kutoka Marekani au Ulaya wakiwa uwanja wa ndege wa Entebbe na mtoto mchanga mikononi. Picha hiyo ina sababu zake, na baadhi ya sababu hizo ni za aibu, lakini imetusahaulisha swali lililo karibu nasi zaidi: raia wa Uganda anayetaka kuwa mzazi wa mtoto ambaye hakumzaa hupitia njia gani, na kwa nini wengi wanaolea watoto wa namna hiyo hawaipiti njia hiyo kabisa? Hoja yangu ni kwamba sheria yenyewe si mbaya kama inavyolaumiwa, na kwamba urefu wake, ambao waombaji huulalamikia kuliko kitu kingine, ndio ubora wake. Kasoro iko kwenye utekelezaji, ambao umetwikwa ofisi moja dhaifu ya wilaya, na iko pia kwenye dhana iliyoachwa ienee kwamba amri ya mahakama ni kitu cha wageni na matajiri.

Sheria ya Watoto, iliyoanza kutumika katika miaka ya 1990 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2016, inamtaka mwombaji, au angalau mmoja wa wanandoa wanaoomba pamoja, awe ametimiza miaka 25 na awe amemzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21. Mwanamume aliye peke yake hapewi mtoto wa kike, wala mwanamke aliye peke yake hapewi mtoto wa kiume, isipokuwa mahakama iridhike kwamba kuna sababu za pekee. Mwenye ndoa anayeomba peke yake lazima awe na idhini ya mwenzake. Wazazi wa mtoto, wakiwa hai na wakijulikana, lazima waridhie, na wanaweza kubadili nia kabla amri haijatolewa. Mtoto aliyefikia miaka 14 naye huulizwa, na bila ridhaa yake shauri haliendi mbele kwa kawaida. Ikiwa mwombaji na mtoto wote ni raia, maombi hupelekwa kwa Hakimu Mkuu wa eneo wanamoishi. Ikiwa mmoja wao si raia, shauri ni la Mahakama Kuu. Sioni jambo la kutisha katika masharti haya. Mwalimu wa shule ya msingi mjini Mbale, mwenye miaka 35, mume na nyumba ya kupanga, anaweza kuyatimiza yote bila kuwa na gari wala shamba, kwa kuwa sheria haimtaki mzazi awe tajiri.

Ugumu uko kabla ya kufika kwa hakimu. Mtoto aliyetupwa hawi huru kuasiliwa kwa sababu tu ameokotwa. Tukio huripotiwa polisi, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, huhusishwa, afisa wa probesheni na ustawi wa jamii wa wilaya hufungua faili, jamaa hutafutwa, na Mahakama ya Familia na Watoto hutoa amri ya matunzo inayomweka mtoto katika makao yaliyoidhinishwa au kwa mlezi. Baada ya hapo mwombaji hupewa mtoto kwa malezi ya kambo, yaani humlea nyumbani kwake chini ya uangalizi wa afisa huyo kwa kipindi kilichowekwa na sheria kabla ya kuruhusiwa hata kuomba amri ya kuasili. Katika muda huo afisa anapaswa kufika nyumbani, kuzungumza na mtoto, kuwaona watu wengine wanaoishi humo, na kuandika taarifa ambayo hakimu ataitegemea kuliko hati nyingine yoyote iliyo mezani.

Waombaji wengi hukasirishwa na kipindi hiki. Wanauliza kwa nini mwanamke anayejifungua hachunguzwi na mtu yeyote ilhali wao, waliokuja kwa hiari na upendo, wanahesabiwa vyumba na kuulizwa mishahara. Swali hilo lina uchungu wa kweli, lakini jibu lake si gumu. Mtoto anayeasiliwa amekwisha kupoteza familia moja, na mahakama inaombwa ikate kwa sheria uhusiano wake na waliomzaa, jambo ambalo serikali haimfanyii mtoto mwingine yeyote kwa wepesi. Aidha, miezi ya mwanzo hudanganya. Mtoto aliyekulia kwenye makao anaweza kumkimbilia kila mgeni kwa furaha, na mlezi akadhani amependwa, kumbe mtoto hajajifunza bado kwamba kuna watu wake na kuna watu wa kupita. Mwingine huficha vipande vya chapati chini ya godoro kwa wiki nyingi kwa sababu hajaamini kwamba kesho chakula kitakuwapo. Tabia hizi hujitokeza na kutulia kwa mwendo wake zenyewe, na mzazi mtarajiwa naye hujifunza humo kama ana subira aliyodhani anayo. Afadhali mtu agundue katika malezi ya kambo kwamba hawezi, kuliko kugundua hivyo akiwa tayari na amri ya mahakama na mtoto anayemwita mama.

Kuna sababu ya pili ya kutopunguza muda, nayo inahusu jamaa. Katika nchi ambayo mtoto ana shangazi, wajomba, babu na nyanya waliotawanyika kutoka Kasese hadi Soroti, mtoto asiye na mtu kabisa ni nadra kuliko faili zinavyodai. Jamaa huchukua muda kupata habari, kukaa kikao na kuamua. Haraka ya kuandika kwamba hakuna aliyepatikana ndiyo iliyoleta madhara makubwa katika historia ya karibuni ya suala hili.

Kabla ya mwaka 2016, mgeni aliyetaka kuasili alitakiwa na sheria awe ameishi Uganda na kumlea mtoto kwa miaka mitatu. Wachache waliweza. Wanasheria wakapata mlango wa pembeni: badala ya kuomba amri ya kuasili, waliomba amri ya ulezi wa kisheria, inayompa mtu mamlaka ya kumlea mtoto bila kukata nasaba yake, na ambayo haikuwa na masharti hayo, na mtoto akasafirishwa kwenda kuasiliwa katika mahakama za nchi ya mgeni. Mlango huo ulipitisha watoto wengi, na si wote walikuwa yatima. Mnamo Agosti 2020 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, wakili mmoja na mume wa wakili huyo, ikieleza kwamba walishiriki katika mpango ambao wazazi wa vijijini waliahidiwa kwamba watoto wao wangepelekwa kusoma, kumbe watoto walikuwa wakiingizwa katika makao na kutafutiwa familia za Kimarekani. Mtu aliyewahi kuishi kijijini anaelewa jinsi hila hiyo ilivyowezekana. Kumpeleka mtoto kwa mtu mwenye uwezo ili asome ni desturi ya kale na ya heshima katika jamii zetu zote, na daima imeeleweka kwamba mtoto huyo atarudi likizo, atajua kwao, na atazika wazazi wake. Mzazi aliyetia dole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza aliridhia jambo hilo analolijua, si lile lililoandikwa.

Marekebisho ya 2016 yaliziba mlango wa pembeni. Amri ya ulezi wa kisheria sasa ni ya raia wa Uganda peke yao. Mgeni anayetaka kuasili lazima awe ameishi nchini kwa angalau mwaka mmoja na amemlea mtoto kwa angalau mwaka mmoja chini ya uangalizi, asiwe na rekodi ya jinai, apate pendekezo la afisa wa probesheni, na mahakama iridhike kwamba nchi yake itaitambua amri hiyo. Sheria inasema waziwazi kwamba kuasiliwa nje ya nchi ni njia ya mwisho, baada ya kujaribu kuisaidia familia ya kuzaliwa, ndugu, na malezi ya kambo ya humu nchini. Ilibakishwa nafasi ya mahakama kulegeza masharti katika mazingira ya kipekee, na nafasi hiyo inastahili kutazamwa kwa jicho kali, kwa maana kila wakili huamini kwamba mteja wake ni wa kipekee. Kwa jumla, hata hivyo, mageuzi yale yalikuwa sahihi, na wanaoyalaumu kwamba yamewaacha watoto makaoni wanasahau kwamba makao mengi yaliongezeka kwa kufuata fedha za wafadhili, si kwa kufuata idadi ya yatima. Makadirio yaliyotajwa sana mwanzoni mwa muongo uliopita yalikuwa ya watoto wapatao 50,000 wanaoishi katika makao nchini, na wengi wao walikuwa na mzazi au jamaa aliye hai.

Nusu ya pili ya kazi ndiyo haijafanywa. Ukimfungia mgeni lango huku ukisema kwamba familia za nyumbani zije kwanza, inakubidi uzionyeshe familia za nyumbani pa kuingilia.

Na familia hizo zipo. Ugonjwa wa ukimwi ulipoikumba wilaya ya Rakai kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuacha vijiji vyenye wazee na watoto tu, hapakuwa na mahakama iliyogawa watoto. Nyanya walichukua wajukuu, wake wenza walichukua watoto wa wenzao, majirani walichukua waliobaki. Kaskazini mwa nchi, wakati wa vita na baada yake, ilikuwa vivyo hivyo. Katika nyumba nyingi za Kampala, Jinja au kambi za jeshi ambako Kiswahili ndicho kinachounganisha watu wa makabila mbalimbali, ni kawaida kukuta mtoto ambaye hakuna mwenye nyumba aliyemzaa, na hakuna anayeliona hilo kuwa jambo la kueleza. Kwa kipimo cha moyo, watu wa Uganda hulea watoto wa wengine kwa wingi sana. Kwa kipimo cha karatasi, watoto hao hawana wazazi.

Karatasi huanza kuwa na maana siku ya msiba. Mlezi anapofariki bila wosia, mirathi hugawanywa kwa mujibu wa Sheria ya Mirathi, ambayo huwapa wazao wa marehemu asilimia 75 ya mali. Mtoto aliyeasiliwa kwa amri ya mahakama anahesabiwa miongoni mwao sawa na aliyezaliwa. Mtoto aliyelelewa miaka 15 bila amri hana dai la uzao, na mara nyingi analolipata hutegemea huruma ya ukoo uliokaa kwenye mkeka baada ya mazishi. Hapo ndipo msemo wa wahenga, kwamba mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, hugeuzwa kuwa silaha: wale wale waliokuwa wakimsifu marehemu kwa ukarimu wake ndio wanaouliza kijana huyu ni wa nani hasa. Katika Buganda swali hilo lina uzito wa ziada, kwa kuwa jina la mtu, mwiko wake na mahali atakapozikwa hutoka katika ukoo wa baba, na hakuna hakimu anayeweza kuuamuru ukoo umkubali mtu moyoni. Anachoweza hakimu ni kuhakikisha kwamba kiwanja na akaunti ya benki havingoji uamuzi wa ukoo. Kwa mtoto wa miaka 16 aliyebaki peke yake, hilo si jambo dogo.

Kwa nini basi walezi hawaendi mahakamani? Wengine huona ni matusi kuapa mbele ya hakimu kwamba unampenda mtoto wa dada yako. Wengine huogopa gharama za wakili. Lakini hata aliyekwisha kushawishika hukutana na afisa wa probesheni, na kwa maoni yangu mfumo mzima husimama au kuanguka kwake. Ofisi hiyo hiyo inashughulikia migogoro ya matunzo, watoto wanaokinzana na sheria, ukatili wa majumbani, watoto waliotupwa, ukaguzi wa makao, na sasa uangalizi wa malezi ya kambo katika wilaya nzima. Sheria inadhani afisa ana usafiri wa kumfikia kila mlezi. Uhalisia ni kwamba mara nyingi anayetaka kutembelewa ndiye anayechangia mafuta ya pikipiki. Sitaki kuliita jambo hilo rushwa moja kwa moja, maana afisa mwaminifu asiye na bajeti hana njia nyingine ya kufika, lakini athari yake ni ile ile: mwenye pesa hutembelewa mara nne, faili lake likanona, na asiye nazo hungoja. Zaidi ya hayo, mtu anayelipa gharama za ukaguzi wake mwenyewe hakaguliwi kikamilifu. Kashfa za miaka iliyopita hazikuhitaji sheria mbovu. Zilihitaji tu taarifa za ukaguzi zilizoandikwa na watu wasiofika kwa wahusika.

Upande wa waombaji nao una siri yake, ambayo haizungumzwi vya kutosha. Wanandoa wengi wa mjini wanaofika kwenye makao ya watoto wachanga wamefika baada ya miaka ya kutopata mtoto, na wengi huomba mtoto mdogo kabisa, asiye na kumbukumbu, anayefanana nao kwa rangi na sura, ili wakwe na majirani wasijue. Baadhi huhama mtaa. Ninaielewa aibu hiyo, kwa maana jamii yetu humtendea mwanamke asiyezaa kwa ukatili unaojulikana, lakini mpango wa kuficha hugongana na kila hatua ya sheria. Afisa anayekuja nyumbani huonekana na majirani, mwenyekiti wa LC1 huombwa barua, jamaa huulizwa. Wanaotaka siri hukimbilia njia fupi, kupewa mtoto kimyakimya na muuguzi au msichana aliyekata tamaa, na kumwandikisha kana kwamba wamemzaa. Njia hiyo si kuasili hata kidogo, ni kughushi kizazi, na humwacha mtoto bila ulinzi siku ambayo shangazi mmoja ataamua kusema ukweli mbele ya watu. Washauri wanaowaandaa wazazi watarajiwa wangefanya vyema kuanza na jambo hili kabla ya kuuliza habari za mishahara: je, mko tayari mtoto ajue, na ajue kutoka kwenu?

Kwa Waislamu wa Uganda, ambao ni sehemu kubwa ya wasomaji wa Kiswahili nchini, ufichaji huo umekatazwa na dini yenyewe. Sura ya Al-Ahzab inaagiza watoto wa kulea waitwe kwa majina ya baba zao. Kulea yatima ni ibada yenye fadhila kubwa, lakini malezi hayo, yanayojulikana kama kafala, hayabadilishi nasaba wala hayamfanyi mtoto mrithi wa lazima. Mlezi anaweza kumuusia hadi theluthi ya mali yake. Amri ya kuasili, kwa upande wake, humhesabu mtoto kuwa kama aliyezaliwa, na kwa hiyo Mwislamu mwenye kujali hukwama kati ya amri inayompa zaidi ya anachoruhusiwa na hali ya kutokuwa na karatasi yoyote. Amri ya ulezi wa kisheria, ambayo marekebisho ya 2016 yameiweka wazi kwa raia, inamfaa zaidi: inampa mamlaka ya kumlea, kumsomesha na kumsimamia mtoto bila kukata nasaba, na wosia wa theluthi hukamilisha kilichobaki. Nimeshangaa jinsi jambo hili linavyosikika mara chache kwenye mihadhara ya misikiti, ilhali Katiba ya 1995 yenyewe iliwaza mahakama za kadhi zitakazoshughulikia ndoa, talaka, mirathi na ulezi.

Lipo pia suala la mipaka, ambalo sheria inalitazama kwa jicho la mtu wa mbali. Shangazi Mkenya anayeishi upande wa pili wa mji wa mpakani wa Busia, anayetaka kumuasili mtoto wa marehemu kaka yake aliyezaliwa upande wa Uganda, ni mgeni kisheria sawa na mtu wa Chicago. Vilevile, mtoto Mkongomani aliyefika peke yake kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyangwali na kuchukuliwa na familia ya wakimbizi wenzake si raia, kwa hiyo shauri lake ni la Mahakama Kuu. Katiba inamkumbuka mtoto wa kigeni anayeasiliwa na raia wa Uganda, kwamba anaweza kuandikishwa kuwa raia kwa maombi, na inamchukulia mtoto wa umri usiozidi miaka mitano aliyeokotwa nchini, ambaye wazazi wake hawajulikani, kuwa raia wa kuzaliwa. Lakini mkimbizi anayemlea mtoto wa mkimbizi hana mlango kama huo. Jumuiya ya Afrika Mashariki imetupa pasipoti ya pamoja na soko la pamoja. Ingekuwa busara nchi wanachama zikubaliane pia namna ya kushughulikia jamaa wanaogawanywa na mpaka, bila kulegeza ukaguzi kwa wasio jamaa. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Hague wa 1993 kuhusu kuasili kati ya nchi na nchi mwaka 2007, na Rwanda mwaka 2012, kwa hiyo mazungumzo hayo hayataanza kwenye uwanja mtupu.

Kuhusu walezi wa nyumbani, pendekezo langu halihitaji kufupisha kipindi cha uangalizi. Linahitaji kwanza serikali iweke katika bajeti ya kila wilaya fungu la ziara za malezi ya kambo, lisiloguswa kwa kazi nyingine, na kumpiga marufuku mwombaji kugharimia ziara yake mwenyewe. Linahitaji pia mahakama zipewe mwongozo wa kuthamini malezi yaliyotangulia: familia iliyomlea mtoto kwa miaka saba, na ikathibitishwa hivyo na shule, zahanati, mwenyekiti wa LC1 na mtoto mwenyewe, isilazimike kuanza kuhesabiwa upya kana kwamba mtoto amefika jana. Najua hoja ya wapinzani, kwamba muda usioangaliwa hauthibitishi kitu, na kwamba mtoto anaweza kuwa ametumikishwa miaka yote hiyo kama kijakazi huku akiitwa binti wa nyumba. Hatari hiyo ni ya kweli, na wasichana wengi wa vijijini waliopelekwa mijini kusoma wanaifahamu. Ndiyo maana muda huo uhesabiwe tu baada ya afisa kuzungumza na mtoto faraghani, nje ya nyumba hiyo, na kulinganisha hali yake na ya watoto wengine waliozaliwa humo: analala wapi, anasoma shule ipi, na nani huamka kwanza kuteka maji.